Vitenzi vya Mfalme

Karatasi za mtihani zilirudishwa Jumanne asubuhi, na Aïcha Hamadi alipata alama sita kwa ishirini.

Alikuwa mama wa watoto wanne, fundi cherehani wa mtaa wa Kabondo mwenye umri wa miaka arobaini na tano, na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiingereza katika chuo kimoja cha Kisangani. Wenzake darasani walikuwa rika la binti yake mkubwa. Walimwita Maman Aïcha na kumwachia kiti cha mbele karibu na dirisha, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoshwa na sindano. Hawakumcheka. Alikuwa anafika kabla yao kila siku, akiwa amepakiwa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, mkoba wa vitabu umelala mapajani.

Hii ilikuwa mara yake ya pili kuwa mwaka wa pili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2000. Juni ya mwaka ule majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji kwa siku sita, na makombora yalipita juu ya mapaa usiku na mchana. Familia yao ilikuwa inakaa karibu na daraja la Tshopo. Siku ya tatu kombora moja liliangukia ua wao, likamuua kaka yake Juma, aliyekuwa ameibeba nyumba nzima tangu baba yao afariki. Aïcha aliketi kwenye cherehani ya mama yake, akasema atapumzika masomo kwa mwaka mmoja. Ikawa ishirini na mbili.

Somo lililompa sita lilihusu nguvu na mapigano katika ushairi wa Kiingereza, ule wa zamani na ule wa siku hizi. Mwalimu wake alikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu, Gédéon, mzaliwa wa Yanonge, mji mdogo wa kando ya mto, mtoto wa mvuvi. Mashati yake yalikuwa yamenyooshwa vizuri sikuzote, na wanafunzi walimwogopa kwa sababu hapakuwa na njia ya kumzunguka. Alikuwa hapokei zawadi wala hakuwa na upendeleo, na kila karatasi aliisahihisha kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mtu kama huyo, sita ilikuwa sita.

Aïcha alifungua ukurasa wa mwisho. Chini ya alama mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Umenisimulia maisha yako. Sikukuuliza maisha yako."

Aliisoma sentensi hiyo mara tatu, kisha akakunja karatasi na kuitia mkobani.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Lilitaja mashairi mawili katika yale waliyosoma mwaka mzima, na kuuliza ni lipi linaonyesha nguvu vizuri zaidi. La kwanza lilikuwa la kale, refu, lenye beti ishirini na moja. Mfalme amesimama juu ya kilima alfajiri, anautazama mji wenye ukuta. Mizinga inanguruma, lango linavunjika, mfalme anaingia. Farasi wake anakufa mlangoni, naye anashuka kumlilia. La pili lilikuwa la mwanamke wa zama zetu, na halikupita mistari kumi na miwili. Mwanamke anafagia vioo vilivyovunjika jikoni kwake. Hakuna askari ndani yake, hakuna bunduki, wala halisemi nani alivivunja vile vioo.

Darasani Gédéon alikuwa ameliita hili la pili shairi zuri lakini dogo. "Vita iko nje ya dirisha," alisema. "Mshairi hakuthubutu kutoka." Wanafunzi waliandika hivyo madaftarini. Aïcha hakuandika. Na siku ya mtihani alichagua lile dogo, akajaza kurasa nne.

Walipotoka darasani, Priscille, msichana aliyekuwa akiketi nyuma yake, alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Maman, nilisikia walikupa sita."

"Ndiyo, walinipa."

"Uache tu, Maman. Kuna session ya pili. Utafanya tena, utaandika ile anataka, utapita."

"Na kama naandika ile anataka, nitakuwa nilisoma nini mwaka muzima?"

Priscille alitabasamu kwa aibu. "Mimi niliandika ya mufalme," alisema. "Nilipata kumi na tatu."

"Ni vizuri, mutoto wangu. Kama ndiyo uliona, ni vizuri."

"Sikuona kitu, Maman. Niliandika tu."

Nyumbani mumewe Moussa alikuwa akipiga randa mbao za kitanda uani. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyemwambia miaka miwili iliyopita aende kujiandikisha kabla hajabadili mawazo. Aïcha alimweleza yote huku akimenya ndizi za lituma, zile za kuchemsha na kuponda. Alipomaliza, Moussa aliweka randa chini.

"Unataka kufanya nini?"

"Recours. Nitaomba basome karatasi yangu upya."

"Ule mwalimu atakuwa mwalimu wako mwaka kesho pia."

"Najua."

"Na points sita haziue mutu, Aïcha."

"Si juu ya points. Ameandika kama sikujibu. Mimi nilijibu, Moussa. Pengine nilijibu mubaya, lakini nilijibu."

Moussa alipangusa vumbi la mbao kwenye mikono yake. Alimjua mkewe. "Bon," alisema. "Basi uende. Lakini usiende na hasira. Weye ukikasirika unasemaka mingi, halafu batu banasahau ya kwanza."

Kesho yake Aïcha alisoma kanuni za mitihani, zile zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo na ambazo hakuna mwanafunzi aliyekuwa akisimama kuzisoma. Alinakili kipengele kimoja kwenye daftari lake, akaandika barua ya ukurasa mmoja, akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa idara, Profesa Mahmoudi.

Profesa alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walifika mjini zamani na misafara ya biashara. Alimfahamu marehemu baba yake Aïcha, walikuwa wakisali msikiti mmoja. Aliisoma barua, akavua miwani.

"Binti yangu, recours ni kwa makosa ya hesabu. Kama mwalimu alijumlisha vibaya, tunarekebisha. Maoni yake juu ya kazi yako hatuyagusi."

"Papa Profesa, ni wapi imeandikwa ni ya hesabu tu?"

"Ndivyo tunavyofanya sikuzote."

Aïcha alifungua daftari na kulisukuma mezani. "Hapa imeandikwa mwanafunzi anaweza kuomba karatasi yake isomwe upya, na yeye mwenyewe asikilizwe. Haisemi hesabu."

Profesa Mahmoudi alivaa tena miwani, akasoma, kisha akasoma tena. Nje pikipiki zilipita.

"Hakuna mtu aliyewahi kuomba hivyo," alisema mwishowe.

"Mimi naomba."

"Utaongea kwa Kiingereza, mbele ya watu watatu. Mimi, Madame Leila wa sarufi, na Gédéon mwenyewe. Dakika ishirini. Na ukishindwa, sita inabaki sita, na mji mzima utajua umeshindwa. Unaelewa?"

"Naelewa, Papa."

"Basi Jumatatu, saa nne asubuhi."

Alirudi nyumbani akiwa amejaa maneno. Alitaka kuwaambia kila kitu: siku sita zile, Juma, ua wao, na jinsi mtu anavyoweza kuishi vitani bila kumwona askari hata mmoja. Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, alitoa karatasi yake ya mtihani ili achukue humo yale aliyokwisha kuyaandika. Aliisoma polepole, ukurasa baada ya ukurasa.

Kurasa tatu kati ya nne zilikuwa habari zake yeye. Shairi lenyewe alilitaja mwanzoni na mwishoni, kama mtu anayebisha hodi kisha akapita. Hakunukuu hata mstari mmoja. Alikuwa amelipenda shairi, amelilia, lakini hakulionyesha. Mtu asiyejua shairi lile angeisoma karatasi nzima na kubaki hajui lina nini ndani.

Aliketi mbele ya cherehani bila kuiwasha. Kwa hiyo Gédéon hakuwa amemwonea kabisa. Hilo lilimuuma kuliko sita. Kwa muda alifikiri kwenda kwa Profesa na kuomba barua yake irudishwe. Hakuna mtu ambaye angemlaumu. Priscille angefurahi, na Moussa pia pengine, kwa ajili yake.

Lakini aliposoma tena shairi la vioo, bado aliamini kwamba ni lenye nguvu kuliko lile jingine. Aliamini kama mtu anavyojua kitambaa ni kizuri kwa kukishika tu. Sasa ilimpasa atafute kwa nini.

Alitandaza nakala za mashairi yote mawili kwenye meza ya kukatia nguo. Alichukua chaki mbili za kushonea, nyekundu na ya bluu. Hakujua aanzie wapi, basi alianza kama anavyoanza na gauni la mteja asilolijua: alitafuta mishono. Shairi limeshikwa na nini? Alipiga mstari mwekundu chini ya kila kitenzi katika shairi la mfalme. Mfalme anasimama, anatazama, anaamuru, anashuka, analia, anasamehe. Mizinga nayo inanguruma na kujibu. Mji je? Alitafuta kwa chaki ya bluu. Mji unavunjwa. Mji unafunguliwa. Mji unasamehewa. Katika beti ishirini na moja watu wa mji hawakufanya jambo hata moja. Kila kitu walifanyiwa. Hata farasi alipewa mistari minne ya kufa.

Akageukia shairi la vioo. Mwanamke anainama, anafagia, anasikiliza, anakunja gazeti, anafunika vioo ili visimkate anayezoa taka. Vitenzi vyote ni vyake. Aliyevunja vioo hakuachiwa hata kimoja, wala jina, wala kivuli.

Wateja wawili walifika kuulizia sare za watoto. Aliwaambia warudi Jumamosi.

Siku tatu zilizobaki alizitumia kufupisha. Alisema maneno yake kwa sauti mbele ya Moussa, ambaye hakujua Kiingereza, na Moussa alimwonyesha kwa kidole kila alipoona uso wake unaanza kupata moto. Hapo alirudia kutoka mwanzo. Jumapili jioni alikuwa amefika dakika kumi na nane, na jina la Juma halikuwemo.

Jumatatu aliingia katika chumba cha idara akiwa amevaa kitenge cha kijani na kilemba chake cha Idi. Walimu watatu waliketi upande mmoja wa meza. Gédéon hakuinua macho. Mbele yake aliweka saa ya mkononi.

Aïcha alianza kwa kusema kwamba mwalimu alikuwa na haki katika jambo moja: karatasi yake ilieleza maisha kuliko shairi. Madame Leila alimtazama Gédéon. Kisha Aïcha akasambaza nakala tatu zenye mistari ya chaki na kuanza kuwapitisha, ubeti kwa ubeti. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, cha mtu aliyekisomea mara mbili maishani. Alipotafuta neno alinyamaza mpaka alipate.

"Katika shairi la kwanza," alisema, "nguvu ni kuwa na vitenzi. Mfalme anavichukua vyote, kama anavyouchukua mji. Na mshairi anamsaidia. Katika shairi la pili mshairi anamnyang'anya mwenye bunduki vitenzi vyake. Hampi hata kimoja. Hiyo si kuogopa kutoka nje. Ni kumfungia mlango."

Madame Leila alikuwa ameshika kalamu na kuhesabu vitenzi mwenyewe. "Kuna kimoja umekiruka, ubeti wa kumi na saba," alisema. "Wanawake wa mji wanapiga kelele."

Aïcha aliinama juu ya karatasi. Ilikuwa kweli.

"Nilikiruka," alisema. "Basi wana kimoja. Kelele."

Hapo Gédéon aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Nina swali," alisema. "Huyu mwanamke anafagia leo. Kesho watakuja tena, watavunja tena, atafagia tena. Mfalme anabadilisha ramani. Yeye anabadilisha nini? Nguvu yake ni ipi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa ameliogopa tangu Alhamisi. Angeweza kusema neno la kupendeza. Aliona kwamba Gédéon alikuwa akiuliza kweli.

"Sijui kama anabadilisha kitu," alijibu. "Shairi halisemi anashinda. Nikisema anashinda nitakuwa naongeza, na ndilo kosa nililofanya kwenye karatasi. Shairi linasema yupo, na anajua la kufanya. Mfalme akiwa juu ya kilima hawezi kumwona. Mimi naona kwamba nguvu isiyoweza kuona kitu kilicho mbele yake ina upungufu, na mshairi wa pili ameonyesha upungufu huo bila kumtaja mfalme. Zaidi ya hapo sijui."

Profesa Mahmoudi ndiye aliyeuliza kwa upole, "Na yale ya Kisangani uliyoandika, kwa nini uliyaweka?"

Aïcha aliitazama saa ya Gédéon. Zilibaki dakika mbili.

"Kwa sababu siku ya saba, mizinga iliponyamaza, sisi tuliokuwa karibu na daraja tulikaa chini ya vitanda hatujui kama imekwisha kweli. Sauti ya kwanza tuliyoisikia haikuwa redio wala mtu. Ilikuwa ufagio kwa jirani. Halafu mwingine, nyumba ya pili. Ndipo tukatoka. Nilikuwa nimeshasoma mashairi mengi ya vita hapa chuoni kabla ya siku hizo, na hakuna hata moja lililokuwa na sauti hiyo. Nilipolikuta hili mwaka huu, nilisahau kwamba mnasahihisha."

Alikusanya karatasi zake na kutoka nje kungoja.

Walimwita baada ya karibu saa nzima. Profesa Mahmoudi alisoma kutoka kwenye kipande cha karatasi. Kanuni iliwataka wapime kilichoandikwa siku ya mtihani na si kilichosemwa leo. Wameisoma karatasi upya, wote watatu, na wamekubaliana juu ya kumi kwa ishirini.

Kumi ilikuwa kupita. Aïcha alikuwa ameota kumi na nne, na kwa nukta moja uso wake ulionyesha hivyo. Kisha akashukuru, akatia sahihi mahali alipoonyeshwa.

Gédéon alimkuta chini ya ngazi, akingoja toleka. Alisimama kando yake, mikono nyuma, kama mtu ambaye hana uhakika anatakiwa.

"Ungeandika namna ulivyosema leo, ningekupa kumi na tano, Maman."

"Karatasi yangu ilikuwa na nusu ya ile nilisema leo, Mwalimu. Na nusu haikuwa sita."

Gédéon aliwaza kidogo. "Hapana," alikubali. "Haikuwa sita. Ile niliandika kwa wino mwekundu, nilikuwa nimechoka, lakini hiyo si sababu."

Aïcha aliukaza mkoba kwapani. Alimwacha aendelee.

"Mimi nilikuwa na miaka tisa," Gédéon alisema, naye sasa aliacha Kiswahili cha darasani. "Tulikuwa Yanonge. Tulisikia ngurumo upande wa mji, papa akasema mvula iko nakuja. Mama akatoa manguo kwenye kamba. Mvula haikukuja. Kisha batu bakaanza kufika na mapirogue, mitumbwi imejaa." Alitazama upande wa mto. "Ninafundisha ile somo mwaka wa ine sasa. Sijasema hii kwa mutu."

"Haiko lazima useme," Aïcha alimwambia. "Mimi nilisema mingi, ukanipa sita."

Gédéon alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Aïcha amjue, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Toleka ikafika na kusimama mbele yao. Aïcha alipanda, akaweka mkoba mapajani, kisha akamshika dereva bega ili angoje.

"Mwaka kesho tunasoma nini?"

"Tamthilia. Michezo mitano. Lakini orodha inatoka mwezi wa kumi, Maman, darasa likianza."

"Mimi ninasomaka polepole, na mwezi wa tisa niko na masare ya batoto ya kushona. Unipe majina leo."

"Sijapanga bado yote."

"Basi unipe ile umepanga."

Gédéon alitazama huku na huku, akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake lililonyooshwa, akaomba daftari. Aliandika akiwa ameliegemeza kwenye kiti cha baiskeli, majina matatu, akafikiri, akaongeza la nne. Aïcha alilisoma kila moja kwa sauti ili ahakikishe anaweza kuusoma mwandiko, kisha akamwambia dereva aende.